Kitambaa Kinachoandikwa

Kijava ni lugha yenye ngazi za heshima. Ukizungumza na mtu wa rika lako unatumia ngoko. Ukizungumza na mkubwa wako unapanda kwenye krama, na maneno mengi yanabadilika kabisa. Katika krama, kutengeneza batiki ni nyerat, na nyerat ni neno lilelile la kuandika. Kiindonesia nacho huita batiki ya mkono batik tulis, batiki ya kuandika, ili kuitenga na batik cap, ile inayopigwa muhuri wa shaba. Nilikutana na jambo hili nikitafuta mifano ya kazi ya semantiki. Kazi ikachelewa, kwa sababu niliiacha nikafuata kitambaa.

Kalamu ya kuandikia inaitwa canting: mpini wa mwanzi, kikombe kidogo cha shaba, na mdomo mwembamba unaotiririsha nta ya moto. Mwandishi, mara nyingi mwanamke, huketi mbele ya pamba iliyotundikwa, karibu na jiko dogo lenye sufuria ya nta. Hufunika kwa nta mahali ambapo rangi haitakiwi kufika. Kitambaa huzamishwa katika nili, nta huondolewa mahali fulani, mahali pengine hufunikwa tena, kisha huja soga, rangi ya kahawia inayotoka katika maganda ya miti. Mwishoni huchemshwa, nta yote ikatoka. Kitambaa kimoja kizuri huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Kinachonishangaza ni kwamba mwandishi huyu anaandika kwa kuficha: mstari anaouchora ndio ule ambao rangi haitaugusa.

Kila nakshi ina jina, na jina hutangulia kuvaliwa. Kawung hufananishwa na tunda la mnazi wa sukari lililokatwa. Parang rusak, mistari ya mshazari inayokimbia kitambaa chote, zamani ilikuwa ya ikulu za Yogyakarta na Surakarta, na raia hakuruhusiwa kuivaa. Sidomukti huvaliwa na maarusi kama dua ya maisha ya neema. Truntum, nyota ndogondogo juu ya giza, huvaliwa na wazazi wao. Husimuliwa kwamba iliandikwa na malkia mmoja wa Surakarta aliyesahauliwa na mumewe, na mfalme akarudi kwake alipoiona kazi yake.

Na sisi wa Lubumbashi? Tunaingia kupitia kikwembe. Katika karne ya 19, Waholanzi waliokuwa wakiitawala Java walitaka kuiga batiki kwa mashine na kuwauzia Wajava wenyewe. Kampuni ya Vlisco ilianzishwa Helmond mwaka 1846. Lakini mashine zilitumia utomvu badala ya nta, utomvu ukapasuka, na rangi ikapenya kwenye nyufa kama mishipa. Kwa Mjava huo ulikuwa ufundi mbovu. Katika Afrika ya Magharibi wanunuzi waliipenda mishipa hiyohiyo, na kutoka huko waksi ikasambaa hadi kwetu. Mtu akisema arusini kwamba kikwembe ni vazi la mababu, mimi hunyamaza, kwani arusi si mahali pa kubishana na baba mkubwa.

Hata hivyo wenzangu wanaosema basi kikwembe si chetu, nao siwakubali. Wanatazama uzi, wanasahau jina. Kutoka kiwandani waksi huja na namba tu. Mama wauzaji ndio walioipa majina: ndege anayeruka nje ya kizimba akawa “ukitoka, nami natoka”, onyo kwa mume. Java huandika maana kwa nta. Sokoni kwetu maana huandikwa kwa mdomo. Pwani nao huita jina yale maneno yaliyochapwa kwenye kanga, lakini hayo yamechapwa, hayapotei na msemaji.

Yetu hupotea. Nkambo wangu aliuza bikwembe katika soko la Kenya hadi magoti yalipomkatalia, na alipofariki mwaka jana aliacha sanduku limejaa. Jamaa walitaka kugawana siku ileile ya kumaliza matanga. Niliomba wiki mbili. Nilikaa na mama mkubwa, yeye akikunjua, mimi nikiandika. “Hii njo ya ndoa ya baba yako mudogo,” anasema, kisha ananipa jina, na jina linamchekesha mpaka anafuta machozi. Kwa vingine anakumbuka bei na mwaka, jina hapana. Vingine anavigeuza upande wa pili, kana kwamba limeandikwa huko.

Hadi sasa daftari lina vikwembe 31, na majina 22. Mama mkubwa amesema Jumamosi tutapanda kwa rafiki mmoja wa nkambo, waliyeuza naye meza moja. Haoni tena vizuri, lakini anadai atavitambua vingine kwa kuvishika. Tutabeba vile tisa.