Bei ya Kusubiri

Jumamosi usiku, katika nyumba moja ya Gaithersburg karibu na Barabara ya 355, wanaume sita wa pwani ya Afrika Mashariki hukusanyika kucheza poka. Tangu wapiga kura wa Maryland waidhinishe michezo ya meza kasinoni mwaka 2012, mwenye kiu ya kitita kikubwa huweza kwenda Hanover au National Harbor. Wao wamebaki sebuleni, na karata bado huziita kwa majina yaliyoachwa pwani na Wareno: kopa, shupaza, uru, pau na ree.

Usiku mmoja wa Januari, kijana wa Tanga aligawiwa ree mbili, ya shupaza na ya uru. Mezani zikafunuliwa tisa ya kopa, tano ya kopa na mbili ya pau. Kitita kilikuwa dola 40. Akijua ameshika karata nzito, alichelea kuwafukuza wenzake, akaweka dau la dola 10 tu. Wengine wakatupa karata. Mzee wa Mombasa, mwenye kopa mbili mkononi, akafuata. Karata iliyofunuliwa baadaye ikawa kopa. Kijana hakuamini, akaendelea kulipa hadi mwisho, na dola 300 zikamtoka.

“Mwanangu, umeniuzia rahisi mno,” mzee alimwambia.

Hesabu yake ni nyepesi. Kati ya karata 47 ambazo mzee hakuziona, kopa zilikuwa 9: takriban nafasi moja katika tano kwa karata iliyofuata. Kwa kulipa dola 10 akiwania 50, alihitaji kufaulu mara moja tu katika sita ili asipate hasara. Kijana angaliweka dola 40, mzee angalilipa 40 kuwania 80, na angalihitaji kufaulu mara moja katika tatu. Mwenye karata nzito hana uwezo wa kuizuia kopa isije. Ana uwezo wa kumtoza anayeisubiri.

Kijana alilishika somo. Mwezi wa Aprili hali ikajirudia: jozi nzito mkononi, kopa mbili mezani. Safari hii aliweka dau sawa na kitita kizima. Mzee akafikiri kwa muda mrefu, akafuata. Kopa ikaja.

“Leo hukukosea, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosea, nimebahatika tu.”

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na yangetosha kumfariji mchezaji. Lakini ilikuwa saa saba usiku, na Tanga kulikuwa kumekucha. Simu ikaangaza juu ya meza: “Shikamoo kaka. Kesho mwalimu ataniuliza tena habari ya ada.”

Aliipitia hesabu yake upya na hakuona kosa. Dau lilikuwa sahihi kwa mtu anayeweza kushindwa leo na kurudi kesho, kwani nafasi moja katika tano huja kweli, mara moja katika kila tano. Mdogo wake hakuwa na usiku mwingine wa kungojea hesabu isawazike. Alikuwa amelipia dau bila kugawiwa karata.

Treni ya mizigo ilipita kuelekea Olde Towne, ikipiga honi. Mzee alianza kuchanganya karata.

“Nikugawie?”

Kijana aliigeuza simu kifudifudi, kisha akaigeuza tena, akaanza kuandika jibu.