Oili Inaongezeka

Jumatatu, 9 Septemba 2024
Gari limekufa mlimani, saruji ya madarasa juu yake. Dereva anasema ilianza sauti kama mtu anagonga nyundo chini ya boneti, kisha taa nyekundu, kisha kimya. Kilomita 41,000 na ushee. Elfu arobaini na moja tu! Hilux kuukuu ya jirani imemzidi umri mwanangu wa pili na jana tu imeshusha magunia Mpanda.

Vijana wa bodaboda wamebeba mifuko mmoja mmoja hadi shuleni. Mmoja kaniuliza, "Mama, si tuliambiwa ni jipya?" Nimemlipa, sijamjibu.

Jumatano, 11 Septemba
Fundi kafika kutoka Mpanda, vumbi hadi kwenye kope. Hakugusa kitu kwanza. Alichomoa stiki ya oili, akaifuta, akairudisha, akaichomoa tena. Oili imepita alama ya juu. Gari likifa watu hutarajia oili iwe imekauka. Hili limejaa. Akaninusisha. Dizeli, dhahiri kabisa.

Akataka kufungua sampu. Nimekataa. Kitabu kinasema injini ikifunguliwa na asiye wakala, waranti imekwisha. Kakunja spana zake, uso umebadilika. Namwelewa. Ni fundi mzuri kuliko wote ninaowajua, na kazi yake ninayoihitaji ni kutokufanya kitu. Nimemwomba aandike alichokiona na kusaini, tumepiga picha ya stiki, tumechukua oili kidogo kwenye chupa ya maji. Chupa iko chini ya kitanda. Mume wangu anaicheka.

Ijumaa, 13 Septemba
Nimepiga simu kwa wakala. Adabu tele, "mama yetu", "mteja wetu wa thamani". Kisha maswali. Sevisi zote umefanya kwetu? Zote, muhuri upo, kila mara naliteremsha hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kutoka Mpanda, kubadilisha oili na filta! Mafuta unanunua wapi? Mpanda, sheli. Tutumie risiti.

Risiti ninazo. Kopo zima la Kimbo. Nimelimwaga mezani usiku huu na robo tatu ni karatasi nyeupe tupu, wino wa mashine ya EFD umefifia wote. Nimeziinamisha kwenye tochi nikitafuta tarehe. Nimecheka peke yangu mpaka mtoto akaamka.

Jumapili, 15 Septemba
Baada ya ibada, shemeji. Ana jibu tayari: dereva kanyonya dizeli, kajazia mafuta ya taa. "Shemeji, wewe una huruma sana."

Sina huruma, nina hesabu. Mchezo huo ulikuwa na faida zamani, mafuta ya taa yalipokuwa rahisi. Serikali ilipandisha kodi yake mwaka 2011 bei zikakaribiana, na kabla ya hapo, 2010, EWURA, wadhibiti wa mafuta, ilishaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta. Mwizi wa leo anauza dizeli, hahangaiki kuichanganya. Na angechanganya, mbona oili iongezeke?

Dereva alikuwa amekaa nje, anasikia kila neno. Sikujua. Au nilijua.

Alhamisi, 19 Septemba
Fundi kapiga simu mwenyewe, sauti ya mtu aliyekesha. Kapata. Gari hili lina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio likijaa, injini inajichomea masizi yenyewe: inarusha dizeli ya ziada ili moshi uwe wa moto mkali. Inataka mwendo wa kasi ya kutosha, bila kusimama, dakika kumi na tano, ishirini. Sasa wapi kati ya Mpanda na hapa Mwese utapata dakika ishirini za mwendo? Mashimo, ng'ombe, gia ya pili, kusimama. Inaanza kujichoma, inakatizwa, inaanza tena. Dizeli ile isiyoungua inateleza kwenye kuta za silinda hadi chini. Oili inakuwa nyepesi, beringi zinasagana chuma kwa chuma.

Nimemfanya arudie mara mbili, naandika nyuma ya daftari la madeni.

Kuna kitu kinachoonyesha hayo kwenye dashibodi, taa ndogo ya rangi ya machungwa. Dereva anasema ilikuwa inawaka na kuzima tangu mwezi wa tano, na Mbeya walimwambia, "Ni kawaida, piga mwendo."

Jumatano, 25 Septemba
Rejesho la benki. Nimelipa kwa maharage, magunia niliyotaka kuyashika hadi Desemba. Fuso la kukodi limekula faida iliyobaki. Dalali anajua kuwa sina gari, bei yake ya leo inajua pia.

Baridi ya Mwese hii. Nimevaa sweta mbili, naandika.

Jumapili, 29 Septemba
Mtoto wa dada, yule anayesoma sheria, kaja likizo. "Mama mdogo, ulipoagiza gari ulijaza nini?" Fomu ya oda. Tumeitafuta hadi ndani ya Biblia. Ipo! Kwenye kipengele cha matumizi, mwandiko wa muuzaji mwenyewe: *kusafirisha mazao, Mpanda vijijini, barabara ya vumbi*.

Kasema kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214: ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia bidhaa, na ukategemea ujuzi wake, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Waranti ni ahadi ya kampuni, hii ni sheria, inakaa pembeni yake. Na kuna Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya 2003, inapokea malalamiko ya walaji, ofisi ya kanda iko Mbeya.

Nimemchinjia kuku. Ile fomu nimeipiga picha na kumtumia kila mtu, hata shemeji.

Ijumaa, 4 Oktoba
Gari liko Mbeya, limebebwa juu ya lori, kwa gharama yangu. Kiasi sitakiandika hapa.

Usiku mtoto wa dada kanionyesha habari za Australia. Langu si Toyota, lakini ugonjwa unafanana: machujio ya masizi ya dizeli, Hilux, Prado, Fortuner, zaidi ya magari 260,000 yaliyouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020. Mwaka 2022 mahakama ikasema mfumo ule ulikuwa na kasoro. Bado wanabishana juu ya kiasi cha fidia. Watu wenye lami, wenye mawakili! Sijui kama habari hii imenitia nguvu au imenichosha.

Alhamisi, 10 Oktoba
Ripoti. Kurasa mbili. Beringi za konrodi zimeyeyuka, krenki imekwaruzwa, oili ina dizeli nyingi. Fundi wangu aliyaona haya kwa pua. Sababu, wanaandika: "mafuta yasiyofaa au matumizi yasiyo ya kawaida."

Au! Chagua moja basi. Mafuta yasiyofaa, wamepima? Hawakupima, hakuna karatasi ya maabara. Matumizi yasiyo ya kawaida ni yapi, kupanda mlima na mzigo? Wameuza pikapu.

Nimewajibu kwa barua: ripoti ya fundi, picha ya stiki, mihuri yote ya sevisi, fomu ya oda yenye mwandiko wao. Nimesema chupa ninayo, ipelekwe maabara tukiwa wote. Nakala Tume ya Ushindani. Mtoto wa dada karekebisha, kaondoa matusi mawili. Moja nilipenda libaki.

Jumatano, 16 Oktoba
Wamepiga wenyewe leo. Sauti nyingine, ya mkubwa. Watatoa vipuri vyote, mimi nilipe ufundi. Injini mpya waranti miezi sita. Nisaini kwamba sina dai jingine na nakala ya Tume niiondoe.

Mume wangu: chukua. Shemeji: chukua, umshukuru Mungu. Dereva hajasema kitu, kauliza tu kama atalipwa mwezi huu. Atalipwa.

Miezi sita halafu? Injini ya aina ileile, chujio lilelile, mlima uleule. Mvua zinakaribia, matope, mwendo utapungua zaidi.

Ijumaa, 18 Oktoba
Sijasaini. Nimewaandikia ninachotaka: waranti iliyobaki iendelee kama ilivyokuwa, ufundi na lori walipe wao, na waandike kwa karatasi dereva afanye nini taa ya machungwa ikiwaka akiwa katikati ya mlima. Hilo la mwisho wamelikwepa kwenye simu mara zote.

Jumatatu nateremka Mpanda, napanda basi la Mbeya, nina chupa. Nimeifunga kwa nailoni tatu, bado inanuka. Wakikataa, kutoka kwao naenda moja kwa moja Tume. Nauli ya kurudi nimekopa kwa shemeji, na amenipa bila neno, jambo ambalo limenitisha kuliko yote.