Hesabu ya Taa za Nyumbani

Kazi yangu ni kuwafundisha watoto hesabu. Kwa hiyo ni aibu kwangu kuisimulia habari hii. Lakini naisimulia, kwani nadhani baba wengi wa nyumba wamo katika kosa lilo hilo.

Tunakaa Bukavu, katika komini ya Kadutu. Umeme wetu hutoka katika mto Ruzizi, nao hautoshi watu wote: leo upo, kesho haupo. Nyumba yetu ina taa tano: moja sebuleni, mbili katika vyumba vya kulala, moja jikoni na moja barazani. Zote zilikuwa balbu za namna ya zamani, zenye uzi mwembamba ndani ya kioo, kila moja ya wati 60. Fedha za umeme zilipozidi kupanda, nilimlaumu mke wangu mbele ya watoto, nikasema: «Mama Furaha, ni wewe unayeumaliza mshahara. Kila jioni unatoka jikoni na kuiacha taa ikiwaka.» Hakubishana nami. Alijibu kwa upole: «Baba Furaha, wewe ni mwalimu wa hesabu. Hesabu basi, kisha utuambie.»

Maneno hayo yalinichoma. Usiku ule nilichukua daftari na kalamu, nikaketi mezani.

Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila jioni, kwa siku 30 hula kilowati-saa 9. Na kilowati-saa ndiyo kipimo tunacholipia. Balbu nne za ndani, basi, zilikula 36. Ile ya barazani iliwaka saa 12, usiku kucha, kwa ajili ya wezi. Peke yake ilikula 21.6. Jumla ni 57.6. Na kosa la mke wangu? Hata kama aliisahau taa ya jikoni saa nzima kila siku, hasara yake haikupita kilowati-saa 1.8 kwa mwezi. Na ni nani aliyeamuru taa ya barazani iwake mpaka asubuhi? Ni mimi. Ni nani aliyezinunua balbu zote tano, akijisifu kwamba amepata bei nafuu? Ni mimi tena.

Balbu ya zamani ni rahisi dukani tu. Uzi wake hutoa mwanga kwa sababu umechemka mno, na sehemu kubwa sana ya umeme hupotea kwa joto. Aliyepata kuigusa ikiwaka anajua. Tena maisha yake ni kama saa 1,000. Barazani kwetu haikumaliza miezi mitatu.

Kwanza nilijaribu zile balbu za bomba lililojikunja. Ya wati 14 hutoa mwanga karibu sawa na ule wa wati 60 za zamani. Kweli zilipunguza gharama, lakini nikaona kasoro zake. Hukawia kung'aa vizuri, nazo huharibika upesi zikiwashwa na kuzimwa mara kwa mara. Lililo baya zaidi, ndani yake mna zebaki kidogo, nayo ni sumu. Siku moja balbu iliniponyoka mkononi ikavunjika, na mtoto wangu mdogo akaja mbio kuokota vipande. Nilimvuta nyuma. Ikivunjika namna hiyo, toeni watoto, fungueni madirisha, ngojeni kama robo saa. Kisha kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu, si kwa ufagio wala kwa mikono mitupu, mpanguse sakafu kwa kitambaa chenye maji, na kufunga vyote katika chupa yenye kifuniko. Kwa sababu ya sumu hiyo, mwaka 2022 mataifa ya mkataba wa Minamata yaliamua kwamba balbu hizo za wati 30 na chini ya hapo zisitengenezwe wala kusafirishwa tena baada ya mwaka 2025.

Mwishowe nilizifikia balbu za LED. Hizi hazina uzi wala zebaki. Ya wati 9 yatosha mahali pa ile ya wati 60. Nilihesabu tena: taa zote tano, kwa saa zile zile, hula kilowati-saa 8.6 kwa mwezi, mahali pa 57.6. Na balbu njema ya namna hii huweza kudumu saa 15,000. Hata ikiwaka usiku kucha, ni zaidi ya miaka mitatu.

Lakini angalieni! Balbu ya kwanza niliyonunua njiani, isiyo na jina la mtengenezaji, ilikufa kabla ya majuma matatu. Tangu hapo nina desturi yangu. Sitazami wati tu. Natafuta pia lumeni, ndicho kipimo cha mwanga, nazo 800 zatosha sebule. Naomba balbu ijaribiwe mbele yangu, tena muuzaji aniandikie karatasi ya kunibadilishia ikiharibika. Kwa jioni nachagua mwanga wa manjano, wa kelvini 2,700 au 3,000. Ule mweupe sana unachosha macho. Kisha naandika tarehe kwa wino juu ya kitako cha balbu, nijue kweli imedumu siku ngapi.

Nilinunua moja moja, kila mwisho wa mwezi, nikianza na ya barazani iliyokula kuliko zote. Haba na haba hujaza kibaba. Leo fedha zilizobaki zinanunua madaftari ya watoto. Na kila wati tusiyoipoteza yaweza kumfaa jirani, kwa kuwa mto tunaoutegemea ni mmoja.

Kulikuwa bado na deni moja. Nilikuwa nimemlaumu mke wangu mbele ya watoto. Basi ilinipasa kukiri mbele yao. Jioni moja baada ya chakula nilifungua daftari, nikamwita Furaha aisome hesabu kwa sauti, mstari kwa mstari, hata ule wa barazani. Alipomaliza nilisema: «Mama yenu hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.» Mke wangu alicheka, akaondoka kwenda jikoni, na aliporudi, alikuwa ameizima taa.

Enyi baba wa nyumba, kabla ya kulaumu, chukueni kalamu mhesabu.