Kitabu cha theluji kilivyotupatanisha Isiolo

Kitabu chenyewe nilikinunua kwa shilingi 200 kwa mchuuzi wa vitabu vya mitumba kando ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi, siku moja kabla ya kwenda nyumbani Isiolo kwa likizo ya Desemba 2024. Nilitaka tu kitu cha kunipotezea saa ndani ya matatu. Sikujua kwamba mkobani nilikuwa nimebeba maneno ambayo ukoo wetu ulikuwa umeshindwa kuyatamka kwa mwaka mzima.

Kinaitwa The Children's Blizzard, na mwandishi wake ni Mmarekani David Laskin. Kilichapishwa mwaka wa 2004. Si hadithi ya kubuni bali ni historia, tena historia ya siku moja hasa: Alhamisi, Januari 12, 1888. Siku hiyo dhoruba ya theluji iliyashukia mbuga za nyasi za Dakota, Nebraska na Minnesota kule Marekani, ikaua watu wanaokadiriwa kuwa kati ya 250 na 500. Wengi wao walikuwa watoto waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka shule.

Ndugu msomaji, utauliza theluji na Isiolo vina uhusiano gani. Hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo.

Nyumbani kwetu ni mtaa wa Bulla Pesa. Mama yangu ni mchuuzi wa maziwa ya ngamia, na jioni baada ya swala ya magharibi ua wake hugeuka baraza. Majirani huja kunywa chai na kupashana habari za soko la mifugo na barabara ya Moyale. Siku ya pili ya likizo, mpwa wangu aliye kidato cha pili alinikuta nikisoma, akataka nimsimulie. Nikawa nasoma ukurasa kimoyomoyo, kisha nauhadithia kwa Kiswahili. Mama akasogeza kiti. Kesho yake akaja jirani yetu, Mmeru, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu tu. Siku ya tatu mkeka haukutosha.

Kazi ya kwanza ilikuwa kueleza theluji. Kwetu theluji ni kitu cha kutazamwa kwa mbali. Asubuhi isiyo na mawingu unaiona kileleni mwa Mlima Kenya, nyeupe na tulivu, haina ugomvi na mtu. Kumfahamisha mama kwamba kitu kile kile kinaweza kuja mbio na upepo, laini kama unga wa ngano, kikajaza macho na pua hata mtu asiuone mkono wake mwenyewe, ilikuwa kazi. Mama alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama vumbi la kimbunga, ila ni la baridi." Mwalimu akasema hajasikia maelezo bora kuliko hayo.

Waliokufa walikuwa wahamiaji kutoka Norwe, Ujerumani, Urusi na kwingineko. Sheria ya mwaka 1862 iliahidi kila familia ekari 160 za ardhi, mradi waishi hapo miaka mitano na kuilima. "Na kabla yao ardhi hiyo ilikuwa ya nani?" akauliza Mwalimu. Nikamjibu kwamba ilikuwa ya Walakota na makabila mengine ya Wahindi Wekundu. Baraza zima likaguna. Watu wa Isiolo hawahitaji kufundishwa maana ya swali hilo. Tukaafikiana kwamba hicho ni kitabu kingine.

Mjomba wangu, ndugu ya mama, alikuwa amekuja mjini kutoka pande za Garbatulla kuuza ngozi. Alisikiliza kwa sikio moja mpaka nilipofika kwenye habari za mwaka uliotangulia. Kiangazi cha 1886 kilikuwa kikavu na malisho yakaisha. Kisha majira ya baridi ya 1886 na 1887 yakawakuta ng'ombe tayari wamekonda, na kuna wafugaji waliopoteza zaidi ya nusu ya mifugo yao. Mjomba akageuka. "Hao sasa nawajua," akasema.

Aliwajua kweli. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulipitisha misimu mitano ya mvua bila mvua ya maana, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Mjomba alikuwa na mbuzi zaidi ya 200. Ukame ulipokwisha alikuwa na 43. Kisha ikaja mvua ya Hagaya, ile ya Novemba 2023, mvua ya El Nino. Tulikuwa tumeiomba kwa machozi, nayo ikatujibu kwa mafuriko. Kote nchini zaidi ya watu 100 walikufa.

Siku hizo mjomba alikuwa mjini. Mbuzi walikuwa fora, mbali na maboma, chini ya mwanawe ambaye wakati huo alikuwa na miaka 18. Kulinyesha siku mbili mfululizo kwa upepo. Mbuzi aliyetoka kwenye njaa hana mafuta mwilini, na mvua ya baridi humuua kama risasi. Kijana akawateremsha hadi kingo za laga, penye vichaka vya kukinga upepo. Usiku maji yakaja. Walibaki mbuzi sita.

Mjomba hakumpiga mwanawe wala hakumfukuza. Alimwambia neno moja tu, kwamba mtoto wa mfugaji anayelaza mbuzi lagani wakati wa mvua hafai kuitwa mchungaji. Kijana akaja mjini, akaanza kuendesha bodaboda ya mtu. Tangu hapo baba na mwana walikuwa wakisalimiana kama watu waliokutana kituo cha basi. Mama alijaribu kuwapatanisha, akashindwa. Jioni ninayoieleza, binamu yangu huyo alikuwa ameketi juu ya pikipiki yake langoni, ndani hayumo na nje hayumo.

Ndipo tukafika ile Alhamisi.

Jambo lililowaua watu wale, msomaji wangu, halikuwa baridi peke yake. Ilikuwa asubuhi nzuri. Baada ya siku nyingi za baridi kali, kulikucha na hewa ya kupendeza. Watu walitoka wakashukuru Mungu. Wanaume wakaenda malishoni mbali na nyumba, na watoto wakaenda shule bila makoti mazito. Dhoruba iliwafika ghafla mchana, sehemu nyingine watoto wakiwa ndiyo kwanza wanafunga vitabu. Usiku ule joto lilishuka hadi karibu nyuzi 30 za Selsiasi chini ya sifuri.

Nikawasomea habari za walimu wawili wa Nebraska, wote wasichana. Wa kwanza, Minnie Freeman, alikuwa na watoto 13. Upepo ulipong'oa paa la shule aliwatoa nje, akawaongoza katika ile theluji hadi nyumba ya jirani, na wote wakapona. Magazeti yakampamba na wimbo ukatungwa kwa ajili yake. Wa pili, Lois Royce, alikuwa na watoto watatu, wavulana wawili wa miaka tisa na msichana wa miaka sita. Kufika saa tisa alasiri kuni zilikuwa zimekwisha. Nyumba aliyopanga ilikuwa umbali wa yadi 82 tu. Akawashika mikono wakatoka. Hawakuiona nyumba. Watoto wote watatu walikufa kwa baridi usiku ule pamoja naye, na yeye aliponea chupuchupu, lakini miguu yake ikabidi ikatwe.

Baraza likalipuka. Mama mwenye duka akasema mwalimu huyo wa pili alikosea, angechoma madawati. Mpwa wangu akasema mtu hatoki nje wakati wa dhoruba, hata vitabu vya shule vinasema hivyo. Mwalimu, aliyefundisha watoto wa watu miaka 30 na zaidi, alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mnamlaumu kwa sababu mnaujua mwisho. Yeye hakuujua. Yule wa kwanza naye alitoka nje. Angepotea, leo mngemlaumu yeye."

Hapo sauti ikatoka langoni. "Angebaki ndani wakafa," akasema binamu yangu bila kuinua uso, "mngeuliza kwa nini hakutoka."

Hakuna aliyecheka wala kukohoa. Mama alijishughulisha na birika lisilokuwa na chai. Mjomba alikuwa akichora ardhini kwa fimbo yake. Baada ya kitambo akaniuliza yadi 82 ni kiasi gani. Nikamwambia ni kama kutoka pale tulipokaa hadi kwenye kona ya msikiti. Akaitazama kona ile. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Novemba ile, akamuuliza mwanawe swali la kweli.

"Usiku ule, ulisikia nini kwanza? Mvua au maji?"

"Sikusikia mvua, Baba. Mvua ilikuwa imekatika tangu magharibi. Juu kulikuwa na nyota. Mbuzi walikuwa wameanza kukauka. Nilisikia maji tu."

Yeyote aliyeishi kwetu anafahamu maana yake. Maji ya laga hayatoki juu ya kichwa chako. Yananyesha milima ya Nyambene, wewe ukiwa chini unahesabu nyota. Mwaka mzima mjomba alikuwa akimwona mwanawe akilaza mbuzi lagani katikati ya mvua, kama mpumbavu. Hakuwa amemuuliza. Kumbe kijana alidanganywa na usiku mzuri, kama wale wa Nebraska walivyodanganywa na asubuhi nzuri.

Mjomba aliiweka fimbo chini. "Kwa baridi ile," akasema, "hata mimi ningewateremsha."

Hayo tu. Hakuomba msamaha, maana wazee wetu hawakufundishwa namna hiyo. Lakini kijana alishuka kwenye pikipiki, akaingia uani, akaketi mkekani. Mama akampa kikombe.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana kuhusu lawama. Huwa tunaimwaga lawama yote juu ya mtu aliyekuwa na dakika chache za kuamua, ambaye hakuona mbele wala nyuma. Waliokuwa na siku nzima ya kumwonya hatuwaulizi. Mwaka 1888 idara ya hewa ya Marekani ilikuwa chini ya jeshi, na afisa wake mjini Saint Paul, Thomas Woodruff, alituma onyo la baridi kwa simu ya waya. Onyo lilichelewa, tena liliishia kwenye miji yenye simu ya waya na stesheni za reli. Mkulima aliyekuwa shambani hakupata lolote. Na sisi? Mnamo Oktoba 2023 tuliambiwa El Nino inakuja, kisha tukaambiwa haiji, kisha ikaja. Huko fora, ambako simu haishiki mtandao, binamu yangu hakusikia la kwanza wala la pili.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hawakusema tahadhari itolewe Nairobi ibaki Nairobi. Onyo lisilomfikia mchungaji si onyo.

Kitabu nilimwachia mpwa wangu, ambaye sasa anakihadithia shuleni kana kwamba alikuwapo. Binamu yangu bado ni mtu wa bodaboda na mbuzi wa mjomba bado ni wachache. Dhoruba haikurudisha ilichochukua. Lakini mvua ilipokaribia mwaka uliofuata, mama alinipigia simu akicheka. Ati kila jioni mjomba hupanda kilima kutafuta mtandao, ampigie mwanawe mjini. Salamu hazichukui dakika moja. Kisha humuuliza, "Nyambene kuna mawingu?" Na kijana, popote alipo, husimamisha pikipiki, akatazama milima kwa makini kabla ya kumjibu baba yake.