Muda na Maarifa: Maisha Yangu Katika Uchambuzi wa Rada

Nilizaliwa Wingwi, wilaya ya Micheweni, kaskazini ya Pemba. Baba alikuwa mvuvi, mama akilima mwani. Kazi inayonilisha mimi ni nyingine: kuchambua mwangwi wa rada za hali ya hewa, nikitafuta ndani yake kasi ya mvua inayokuja na inayokwenda. Kiini cha kazi hiyo ni kutenganisha marudio ya mawimbi yanayokaribiana, na sijapata mfano bora wa kuwaeleza wanafunzi wangu kuliko maji ya kwetu.

Bahari ya Wingwi hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Mvuto wa mwezi huleta wimbi linalojirudia kila baada ya saa 12 na dakika 25. Wa jua huleta la saa 12 kamili. Mawimbi hayo yakiungana, ni bamvua: maji hutoka mbali, na kina mama huteremka kufunga na kuvuna mwani. Yakipingana, ni maji mafu. Toka bamvua hadi bamvua ni karibu siku 15. Sasa, mtu akichomeka mti wenye alama baharini, akapima kimo cha maji kwa siku tatu, ataona wimbi moja tu. Ili vipimo peke yake vimwonyeshe kuwa mawimbi ni mawili, itambidi apime kwa karibu nusu mwezi. Marudio yakikaribiana, muda wa kuyapambanua hurefuka. Hakuna mashine inayoikwepa sheria hiyo bure.

Mama hakupima kitu. Alitazama mwezi: ukiandama au ukipevuka, alijua bamvua imefika, akatayarisha kamba zake. Aliyekwisha kuyajua maumbile ya jambo hahitaji kulipima muda mrefu.

Nilisoma uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha nikaingia katika rada. Rada hutuma mapigo ya mawimbi ya redio na kupokea mwangwi. Kikirudisha mwangwi kitu kinachosogea, marudio ya wimbi hubadilika kidogo, na badiliko hilo hutupa kasi. Chukua rada yenye urefu wa wimbi wa sentimita 10, inayotuma mapigo 1,000 kwa sekunde, huku antena ikizunguka mara mbili na nusu hivi kwa dakika. Mwale wake wenye upana wa digrii moja hupita juu ya kipande cha wingu kwa muda wa mapigo 64 hivi, yaani sekunde 0.064. Kwa muda huo mfupi, njia ya kawaida ya Fourier, inayoyagawa mawimbi kwa marudio yake, haiwezi kupambanua marudio yaliyoachana kwa chini ya hezi 16, sawa na kasi ya mita 0.8 kwa sekunde. Mvua inayosogea taratibu huzama ndani ya mwangwi wa majengo na vilima. Ukipunguza mwendo wa antena utapata upambanuzi zaidi, lakini hadi imalize kuzunguka anga yote, wingu lililokuwa Kusini mwa Unguja limeshafika kwingine.

Ndipo zilipokuja njia za upambanuzi wa juu, nami nimezisoma kwa mapenzi makubwa. Mzizi wake ni wa zamani: mwaka 1795 Mfaransa Gaspard de Prony alionyesha namna ya kutoa viwango vya kukua na kufifia kwenye vipimo vichache. Mwaka 1967 John Burg, akishughulika na mitetemo ya ardhi, alikataa dhana kwamba nje ya dirisha la vipimo hakuna kitu. Aliwaza mawimbi yanaendelea, na akayaendeleza bila kuongeza habari ambayo vipimo havikuitoa. Mwaka 1969 Jack Capon alitengeneza kichujio kinachojirekebisha: huliruhusu rudio moja lipite na kuyabana mengine yote kadiri iwezekanavyo. Mwaka 1979 Ralph Schmidt alileta njia iitwayo MUSIC, inayoligawa jedwali la uhusiano wa vipimo katika sehemu mbili, ya mawimbi yenyewe na ya kelele. Baadaye Richard Roy na Thomas Kailath wakatoa ESPRIT. Kilele ambacho Fourier anakiona kimoja kipana, njia hizi hukigawa viwili vyembamba kama sindano.

Upambanuzi huo una bei. MUSIC hutaka uiambie mawimbi ni mangapi, na hudhani kila moja lina rudio moja safi. Kwa ndege mbili angani, dhana hiyo ni nzuri. Mvua ni matone yasiyohesabika, kila tone na kasi yake, na picha ya kasi hizo ni kilima. Ukiiambia MUSIC kuna mawimbi mawili, itakupa sindano mbili hata pale penye kilima kimoja, na zitapendeza macho. Kwa hiyo kwa mvua nilivutiwa zaidi na njia waliyoieleza Siggia na Passarelli mwaka 2004: huondoa mwangwi wa vitu vilivyosimama, kisha huziba pengo kwa kufuata umbo la kilima cha mvua yenyewe. Nayo ina dhana yake, lakini ni dhana inayofanana na mvua.

Mambo haya hayakubaki hesabu kwangu. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba na kuchukua roho za watu wetu wengi. Jeraha likiwa bado bichi, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Nilipokwenda nyumbani, mama aliniuliza:

“Mwanangu, hiyo mashine yenu yauona upepo?”

“Haiuoni wenyewe, mama. Yaona matone yanayochukuliwa na upepo.”

“Na pasipo mvua?”

“Pasipo mvua, haioni kitu cha kutegemewa.”

“Basi waambieni watu hivyo.”

Nimelifanya neno hilo kuwa kanuni ya kazi. Vijana wanaofanya kazi nami huandika chini ya kila mchoro mapigo mangapi yametumika na dhana gani imewekwa. Vipimo vilevile huvipitisha kwenye Fourier, kwenye Capon na kwenye njia nyingine ya upambanuzi wa juu. Kilele kinachohama au kutoweka kwa kubadilisha idadi ya mawimbi uliyokisia, hatukipeleki kwa mtabiri wa hali ya hewa.

Upambanuzi hununuliwa kwa muda au kwa maarifa. Anayelipa kwa muda atalazimika kusubiri. Anayelipa kwa maarifa ana wajibu wa kuonyesha kwamba maarifa hayo anayo kweli. Nahodha anayeamua kung'oa nanga Mkoani au Wete ana haki ya kujua ni kipi tumekipima na ni kipi tumekidhania, na mhandisi wa rada asiyeweza kumtenganishia viwili hivyo hajamaliza kazi yake, hata picha yake iwe kali namna gani.