Salem, Mji Ulioleta Merikani Unguja

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwako nguo moja ya pamba, nzito, isiyotiwa rangi, iliyoitwa merikani. Ilipimwa kwa shuka na doti, na misafara iliyokwenda bara iliichukua badala ya fedha: chakula kilinunuliwa kwa merikani, na hongo za machifu zililipwa kwa merikani. Jina lenyewe laonyesha ilikotoka. Lakini Marekani ni nchi kubwa, na si wengi wajuao ya kwamba biashara ile ilianzishwa hasa na watu wa mji mmoja mdogo, ambao mtu aweza kuuzunguka kwa miguu kwa siku moja.

Mji huo ni Salem, katika jimbo la Massachusetts, maili 16 hivi kaskazini ya Boston. Ulianzishwa mwaka wa 1626. Watu walipohesabiwa mara ya kwanza katika taifa lile, mwaka wa 1790, wenyeji wa Salem hawakufika 8,000. Hata hivyo ulikuwa miongoni mwa miji kumi mikubwa ya Marekani, na utajiri wake wote ulitoka baharini.

Mgeni ashukaye katika gari la moshi hakutani na habari za bahari kwanza, bali za uchawi. Mwaka wa 1692 watu 19 walinyongwa hapa kwa kushtakiwa kuwa ni wachawi, na mzee mmoja, Giles Corey, alilazwa chini akarundikiwa mawe mpaka akafa, kwa kuwa alikataa kujibu mashtaka. Siku hizi maduka huuza kofia ndefu za wachawi wa hadithi, na mwezi wa Oktoba njia hujaa watu wanaocheka. Ni bahati mbaya, maana katika wale walionyongwa hakuna hata mmoja aliyekuwa mchawi. Atakaye kuielewa habari hiyo na aende penye makaburi ya kale ya Charter Street. Kando yake ulijengwa mwaka wa 1992 ukuta wa ukumbusho, wenye mawe 20 yaliyotokeza mfano wa viti, na kila jiwe lina jina la mtu na siku aliyouawa. Hapo kicheko hukoma chenyewe.

Kutoka makaburini hadi pwani si mbali, na huko umati hupungua. Gati la Derby, lililoanza kujengwa mwaka wa 1762, laingia baharini karibu nusu maili. Zamani lilijaa maghala tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa ni njia ya upepo na majani, na mwishoni pana mnara mdogo wa taa uliojengwa mwaka wa 1871. Mbele ya gati pamesimama Nyumba ya Forodha ya mwaka wa 1819, ya matofali mekundu, na juu ya paa lake tai wa rangi ya dhahabu. Mwandishi Nathaniel Hawthorne alikuwa mtumishi wa forodha hiyo tangu 1846 hadi 1849, wakati bandari ilipokwisha kupoa. Mwaka wa 1938 serikali ya Marekani ilipaweka mahali hapa chini ya ulinzi wake, pawe pa kwanza katika nchi nzima kuitwa mahali pa historia ya taifa.

Ni katika forodha hii sandarusi, pembe na ngozi za Unguja zilipotozwa ushuru. Manahodha wa Salem walikuwa wamekwisha kuizoea njia ya Unguja kabla serikali yao haijafanya mkataba. Mkataba ulikuja mwaka wa 1833, Edmund Roberts alipopatana na Sayyid Said huko Maskati, Wamarekani wapate kufanya biashara kwa kulipa ushuru wa 5 kwa mia. Mwaka wa 1837 balozi wa kwanza wa Marekani alifika Unguja, naye alikuwa mtu wa Salem, Richard Waters. Alikuwa balozi na mfanya biashara kwa pamoja, akashirikiana sana na Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodi forodha ya Sayyid. Waters alikuwa mtu wa dini, na katika daftari yake ya kila siku aliandika kwa uchungu juu ya utumwa. Lakini pembe alizozinunua zilifika pwani mabegani mwa wapagazi na watumwa, na wale alioshirikiana nao walikuwa na watumwa wao. Si rahisi kumhukumu mtu wa namna hiyo, wala si rahisi kumsamehe.

Waliporudi kwao, manahodha hawakuleta bidhaa tu. Tangu mwaka wa 1799 walikuwa na chama chao, ambacho hakuna aliyeingia isipokuwa amepita kwa meli Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn, hali akiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Kila mwanachama alitakiwa kukusanya vitu vya ajabu vya nchi alizozifikia. Jumba walilolijenga kwa vitu hivyo, lililofunguliwa mwaka wa 1825, lingali limesimama ndani ya makumbusho ya Peabody Essex.

Vita vya Marekani vya 1861 hadi 1865 viliikatiza pamba, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikaingia mahali pake. Mwaka wa 1870 meli ya mwisho kutoka Unguja iliingia bandari ya Salem.

Majumba ya matajiri yangaliko, hasa katika njia ya Chestnut, na hapo pia pana ukumbi wa Hamilton, uliojengwa mwaka wa 1805. Mgeni asiupite upesi. Karamu zake kubwa ziliandaliwa na John Remond, mtu mweusi aliyetoka kisiwa cha Curaçao, ambaye wanawe hawakukubaliwa kusoma pamoja na watoto weupe. Mwaka wa 1835 aliwahamishia mji mwingine kwa ajili ya jambo hilo. Shule za Salem ziliacha ubaguzi mwaka wa 1844. Binti yake mmoja, Sarah Parker Remond, akawa msemaji hodari wa kupinga utumwa. Mwaka wa 1859 alisimama mbele ya watu wa Manchester, Uingereza, mji uliokula kwa kufuma pamba, akawaeleza ya kwamba pamba ile ililimwa na watumwa wasiolipwa hata senti. Wakati huo huo kiwanda kikubwa cha Naumkeag, katika mji wake mwenyewe wa Salem, kilikuwa kikifuma pamba ya mashamba ya namna ile ile, na merikani yake ilikuwa ikishushwa pwani ya Unguja.