Sylvester: Sauti Iliyokataa Kujificha

Mwezi Juni 1988, maandamano ya kila mwaka ya mashoga yalipopita katika barabara ya Market mjini San Francisco, mwanamuziki mmoja Mweusi alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, mbele ya bango la watu wenye UKIMWI. Mwili uliozoea vito na hariri ulikuwa umenyauka. Angeweza kujifungia nyumbani. Mwaka uliotangulia, mpiga piano Liberace alifariki kwa maradhi yayo hayo huku watu wake wakikana katakata. Sylvester yeye alitoka hadharani.

Sylvester James alizaliwa Los Angeles mwaka 1947. Shule yake ya kwanza ya uimbaji ilikuwa kanisa la Kipentekoste. Huko ndiko alikojifunza kuipandisha sauti hadi upeo wa juu kabisa, ikasikika kama ya mwanamke, pasi na kukatika. Waumini walipong'amua kuwa anawapenda wanaume, hawakumtaka tena. Akaondoka akiwa na umri wa miaka 13. Nyanya yake hakumtupa. Kanisa lilimpoteza kijana, lakini sauti waliyomfunza aliondoka nayo.

Mwaka 1970 alihamia San Francisco, akajiunga na Cockettes, kundi la vichekesho ambalo wanaume wake walipanda jukwaani na ndevu zao, wamevaa magauni. Hakudumu nao. Umaarufu ulimjia mwaka 1978 kwa wimbo wa disko "You Make Me Feel (Mighty Real)". Anayeusikiliza kwa makini atazitambua pumzi na vigelegele vya ibada ya Jumapili. Nyuma yake, katika bendi yake, walikuwako Martha Wash na Izora Rhodes, ambao nao sauti zao zilikuwa za kikanisa.

Novemba mwaka huohuo, Harvey Milk, diwani aliyejitangaza kuwa shoga, aliuawa kwa risasi pamoja na meya wa jiji. Miezi minne haijatimia, tarehe 11 Machi 1979, Sylvester aliimba katika Jumba la Opera la War Memorial, mahali palipozoea waheshimiwa. Meya mpya alimtuma mjumbe amkabidhi ufunguo wa jiji. Kwa umma uliokuwa bado matangani, usiku ule haukuwa burudani tu.

Majina ya kupachikwa hakuyapenda. (Hata neno shoga, ambalo wanawake wa Mombasa na Lamu huitana kwa mapenzi, hugeuka tusi likielekezwa kwa mwanamume.) Mwishoni mwa 1986, Joan Rivers alipomwita kwenye televisheni mwanamume avaaye kike, alimsahihisha papo hapo: yeye ni Sylvester, basi.

Mpenzi wake alifariki kwa UKIMWI mwaka 1987. Alipougua mwenyewe, alizungumza na waandishi wa habari waziwazi, akisisitiza kuwa Wamarekani Weusi nao wanakufa. Katika wosia aliacha mrabaha wa nyimbo zake kwa mashirika mawili yaliyowahudumia wagonjwa, moja likiwa Project Open Hand, lililowapikia chakula.

Oktoba 1988, tamasha la mtaa wa Castro lilifanywa kwa heshima yake. Hakuweza kuhudhuria. Umati uliliita jina lake kwa kishindo, naye akausikia akiwa kitandani. Alifariki tarehe 16 Desemba, akiwa na umri wa miaka 41. Alizikwa amevaa kimono chekundu, baada ya ibada iliyofanyika kanisani.